Nyekundu ya Busan si nyekundu ya Mwanza

Meli inayoingia bandari ya Busan, Korea Kusini, huuacha mnara mwekundu mkono wake wa kulia na mnara mweupe mkono wa kushoto. Usiku ule mwekundu huwaka nyekundu. Ule mweupe, pamoja na weupe wake wote wa mchana, huwaka kijani. Sasa ichukue meli hiyohiyo uilete Tanzania. Huku boya jekundu hukaa kushoto kwa anayeingia, na la kijani hukaa kulia. Nahodha aliyekariri rangi bila kukariri nchi ataifuata sheria vizuri kabisa mpaka juu ya mwamba.

Mgawanyo huo haukutokana na uzembe. Katikati ya miaka ya 1970 dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya, na mabaharia walikuwa wakibadilisha lugha ya maji kila wanapovuka mpaka. IALA, shirika la kimataifa la taa na maboya lililoanzishwa mwaka 1957, lilifanikiwa mwaka 1980 kuipunguza mifumo hiyo ikabaki miwili, Eneo A na Eneo B. Nchi za bara la Amerika, Japani, Korea na Ufilipino ziko B. Ulaya, Afrika, Australia na sehemu kubwa ya Asia ziko A. Kuunganisha yote kuwa moja kulishindikana kwa sababu iliyo rahisi kuielewa: hakuna aliyekuwa tayari kupaka upya maboya yake yote na kuwafundisha upya manahodha wake wote.

Mtu wa Mwanza anaweza kuuliza Busan inamhusu nini. Inamhusu, maana Korea tunayo hapa gatini. Chelezo cha kujengea na kutengenezea meli, ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama, na meli mpya ya MV Mwanza yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, vyote vimepita mikononi mwa kampuni za Korea. Kijana wa Igogo au Kirumba anayejifunza kazi ya meli leo anaweza kesho akajikuta darajani, yaani chumba cha kuongozea meli, kwenye meli ya huko, na maarifa aliyotoka nayo ziwani yakamgeuka.

Kwa hiyo tuanze na yale yasiyogeuka. Taa za chombo chenyewe ni zilezile dunia nzima: nyekundu upande wa kushoto wa chombo, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Umbo la boya nalo halibadiliki. La kushoto ni kama kopo, bapa juu, na la kulia lina ncha kama koni, iwe Eneo A au B. Rangi ndiyo iliyohama, umbo limebaki. Mchana, jua likiwa nyuma ya boya na rangi haionekani, umbo ndilo la kuaminika.

Neno "kuingia" nalo lisipite hivihivi. Kushoto na kulia kwa maboya ni kwa chombo kinachotoka kwenye maji makuu kwenda bandarini. Kwetu maana yake ni kutoka ziwa la wazi kuingia Ghuba ya Mwanza, na kutoka ghubani kuelekea gatini. Ukitoka, pande zote zinageuka. Ni rahisi kukosea maboya wakati wa kutoka alfajiri, mtu akiwa na usingizi.

Kundi la pili la alama ni zile za dira, nyeusi na njano. Hizi haziulizi kama unaingia au unatoka. Zinakwambia pita upande gani: alama ya kaskazini, pita kaskazini yake, alama ya mashariki, pita mashariki yake. Juu ya kila moja kuna koni mbili nyeusi. Za kaskazini zote zinatazama juu, za kusini zote zinatazama chini, za mashariki zimekaa kitako kwa kitako, za magharibi ncha kwa ncha. Rangi nyeusi hufuata ncha za koni. Ncha zikiwa juu, weusi uko juu ya njano. Zikiwa chini, weusi uko chini. Zikitazama nje, weusi uko juu na chini, njano katikati. Zikitazamana, weusi uko katikati. Ukishika hilo huhitaji kukariri michoro minne.

Usiku alama hizi zote huwaka nyeupe, na tofauti iko kwenye idadi. Ya mashariki humweka mara 3 harakaharaka kisha hunyamaza. Ya kusini mara 6 na kufuatiwa na mmweko mmoja mrefu. Ya magharibi mara 9. Ya kaskazini hainyamazi kabisa. Mabaharia wa nchi nyingine hufundishwa kwa uso wa saa: mashariki ipo penye 3, kusini penye 6, magharibi penye 9, kaskazini juu penye 12.

Sisi Waswahili hapo tunategwa na lugha yetu. Mkono mfupi ukiwa kwenye 3, sisi tunasema saa tisa. Ukiwa kwenye 9, tunasema saa tatu. Anayekariri kwa mdomo kwamba "mashariki ni tatu, kama saa", kisha usiku akaiwaza hiyo saa tatu kwa Kiswahili, amepata magharibi. Akiwaza saa kumi na mbili, badala ya kaskazini amefika kusini. Haikosei kidogo, inakosea nyuzi 180, yaani inakupeleka moja kwa moja upande wenye mwamba. Dawa ni kutoitaja saa kabisa. Itazame tarakimu iliyochapwa kwenye uso wa saa, au hesabu mimweko na utaje upande papo hapo: tatu mashariki, sita kusini, tisa magharibi. Wanaofundisha vijana kwenye mialo ya mitumbwi wangefanya vizuri kuuacha mfano wa saa.

Alama ya hatari ya pekee inaihusu Mwanza kuliko karibu zote. Ni nyeusi yenye mkanda mwekundu, mipira miwili myeusi juu, na taa nyeupe inayomweka mara mbili mbili. Huwekwa juu ya hatari yenyewe, maji yakiwa salama pande zote. Mji huu umejengwa juu ya matale, na matale hayo hayaishii ufukweni. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hulipiga picha, halimtishi nahodha yeyote kwa sababu linaonekana. Wa kuogopwa ni ndugu zake waliolala nusu mita chini ya maji.

Na hiyo nusu mita haikai mahali pamoja. Bahari ina kupwa na kujaa. Incheon, magharibi mwa Korea, maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 9 kati ya kujaa na kupwa, wakati Busan, kusini mashariki, hata mita 2 hayafiki. Baharia wa huko ana jedwali linalomwambia saa fulani kutakuwa na maji kiasi gani juu ya mwamba fulani. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa maana hiyo. Lina miaka. Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964, ilhali mwaka 2006 maji yalikuwa yameshuka chini ya hapo kwa zaidi ya mita 2. Jiwe ambalo mwaka 2006 ndege walilitua, mwaka 2020 lilipitiwa na mitumbwi. Kwa hiyo mzee akisema "pale hakuna jiwe, nimepita miaka mitatu", swali la kumwuliza ni maji yalikuwa wapi miaka hiyo mitatu. Na ukisoma kina kwenye ramani, tafuta kwanza kilipimwa kutoka usawa gani wa ziwa. Kina kisichotaja usawa ni nusu ya habari.

Sasa taa zenyewe. Taa ya mnara haitambuliwi kwa ukali wake, inatambuliwa kwa mdundo. Mnara wa Yeongdo, penye miamba ya Taejongdae mlangoni mwa Busan, uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1906, na mnara uliopo sasa ni wa mwaka 2004. Humweka nyeupe mara 3 katika kila sekunde 18, na huonekana hadi maili 24 za bahari, kama kilomita 44. Hakuna taa nyingine karibu yake yenye mdundo huo, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ukiona mimweko mitatu na kimya, tatu na kimya, na saa yako inasema 18, umejua uliko hata kama huoni kitu kingine chochote.

Kupima mdundo kuna utaratibu wake. Tumia saa ya kupimia kwenye simu, mwanga wa kioo ukiwa umeshushwa kabisa. Usianze kuhesabu kimya kinapoanza. Anza pale mmweko wa kwanza wa kundi unapowaka, simamisha mmweko wa kwanza wa kundi linalofuata unapowaka. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ukipata 17, 18 na 18, ni 18. Ukipata 11, 18 na 7, ulichokuwa unakitazama si mnara.

Huwa ni nini basi? Kwenye Ziwa Victoria, mara nyingi ni dagaa. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa huweka taa juu ya maji, zamani karabai na sasa balbu za LED za betri na sola, na ziwa likageuka mji. Kila taa ni nyeupe na inawaka moja kwa moja. Lakini ipo chini, karibu na maji, na wimbi likipita mbele yake inafichika kisha inaibuka. Kutoka kilomita tatu utaapa kwamba inamweka. Tofauti ni kwamba wimbi halina saa: mdundo wake hauchukui muda uleule mara mbili. Wakorea wanaifahamu adha hii kwa njia yao, maana boti zao za kuvua ngisi huning'iniza safu za taa kali mno.

Kuna waongo wengine wa kudumu. Minara ya simu vilimani ina taa nyekundu juu kabisa, na kwa aliye ziwani inaweza kufanana na alama ya mlango wa bandari. Vilima vya jiji vimejaa taa za nyumba mpaka ukingoni mwa maji. Tangu Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi nalo limechora mstari wa taa za barabarani kukatiza ghuba, na jicho lililotazama mstari huo haliioni tena taa ndogo ya boya iliyo mbele yake. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na kupiga simu moja ya video kunaifuta nusu saa hiyo yote. Mshika usukani asiwe ndiye anayepokea miamala ya nauli kwenye simu.

Taa itaonekana kutoka mbali kiasi gani? Kabla ya kuuliza nguvu ya balbu, uliza kimo, kwa sababu dunia ni mviringo na maji hayanyooki. Hesabu ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha jicho lako, zidisha kwa 2.08, upate maili za bahari. Taa yenye kimo cha mita 16 juu ya maji inatoa 4. Aliyekaa kwenye mtumbwi, jicho likiwa mita 1 juu ya maji, anatoa 1. Jumla ni 5, mara 2.08 ni maili 10.4, kama kilomita 19. Aliye kwenye daraja la meli, jicho likiwa mita 9, anatoa 3, na taa ileile ataiona kutoka maili 14.6, yaani kilomita 27. Kuongeza nguvu ya balbu hakutamsaidia wa mtumbwi kupita kilomita 19 zake. Atakachoona ni mng'ao tu angani. Upande wa pili, taa ndefu yenye balbu dhaifu nayo haifiki. Umbali ulioandikwa kwenye orodha za taa huchukulia hewa safi ya maili 10, na mvua ya usiku ya ziwani inaweza kuukata ukabaki robo.

Minara ya Korea, kwa kuwa tumeitaja, ina historia ya kutosha makala nyingine. Wa kwanza wa kisasa ni Palmido, nje ya Incheon, uliowashwa mwaka 1903, na taa yake ndiyo iliyowashwa usiku kuziongoza meli za kutua Incheon mnamo Septemba 1950. Busan kuna Oryukdo, visiwa vya miamba ambavyo jina lake lina maana ya "vitano-sita", kwa kuwa idadi hubadilika kutegemea unavitazama kutoka wapi. Taa yake ni ya mwaka 1937. Pwani ya Gijang, pembeni mwa jiji, wamejenga minara midogo yenye sura za kuchekesha, mmoja wa mpira wa besiboli kwa kumbukumbu ya dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008, mwingine wa chupa ya maziwa ya mtoto. Inavuta watalii. Usiku sura hizo hazina kazi yoyote, rangi na mdundo vinabaki kama vya mnara wowote, na hilo wamelilinda vizuri.

Kwa mialo yetu midogo, mnara si lazima. Kifaa chenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni taa mbili za mstari. Unasimamisha nguzo fupi karibu na maji na nguzo ndefu nyuma yake, juu ya mstari ule ambao maji yake yana kina na hayana mawe. Anayekuja akiziona taa mbili zimepangana, moja juu ya nyingine, yupo njiani. Zikiachana, amepotoka. Kanuni ni moja: ifuate taa ya chini. Ikiwa ya chini imekwenda kushoto ya ile ya juu, geuza kushoto mpaka zipangane tena.

Vipimo ndivyo vinavyoharibiwa. Watu huweka nguzo ya nyuma karibu mno na ya mbele, kwa kuogopa kupoteza waya au kwa sababu kiwanja kinaishia hapo. Nguzo zikiachana mita 50 tu, mtu aliye kilomita 2 nje anaweza kupotoka karibu mita 80 kabla jicho la kawaida halijagundua kwamba taa zimeachana. Zikiachana mita 200, atagundua kwenye mita 20 na kitu. Kwa mlango wenye mawe pande mbili, tofauti hiyo ndiyo kazi yote. Kimo nacho: mita 4 mbele na mita 8 nyuma zinatosha kwa kilomita 2 hadi 3. Zikilingana kimo, ya mbele itaimeza ya nyuma. Zote mbili ziwe na rangi moja na mdundo mmoja, zimweke pamoja, vinginevyo zitapotea kati ya taa za maduka. Na kabla ya kuchimba shimo la nguzo, nendeni kwa mamlaka ya bandari na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Taa ambayo haipo kwenye orodha ya mtu ni mtego kwa mgeni, hata kama wenyeji wanaipenda.

Hesabu ya umeme wa taa ya sola haina ugumu, lakini nimeona ikifanywa kwa kukisia mara nyingi mno. Chukua taa ya wati 10 inayowaka nusu sekunde katika kila sekunde 5. Inawaka sehemu moja ya kumi ya muda. Usiku wa Mwanza ni saa 12 karibu mwaka mzima, kwa kuwa tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Basi ni 10 mara 0.1 mara 12, yaani wati-saa 12 kwa usiku. Unataka ivumilie siku 10 za mawingu: wati-saa 120. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, 240. Gawa kwa volti 12, unapata betri ya ampea-saa 20. Paneli: siku yenye saa 5 za jua zuri, ukitoa hasara, kila wati moja ya paneli inakupa kama wati-saa 3. Wati 4 zingetosha kwenye karatasi. Weka 15 au 20, kwa sababu ya ndege.

Ndege, ndiyo. Mnandi na yangeyange wanaipenda paneli kuliko fundi anavyoipenda, na wanachoiachia hakipitishi jua. Ongeza wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kisha kunata kwenye lenzi. Weka miiba ya waya ukingoni mwa paneli, na uilaze kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iisafishe yenyewe. Kwa usawa wa jua tu ingeweza kulala karibu bapa hapa kwetu, lakini paneli bapa hutuamisha uchafu. Ukiagiza taa iliyotengenezwa kwa ajili ya Korea, angalia: kule usiku wa Desemba unapita saa 14 na jua hukaa chini kusini, kwa hiyo paneli zao husimama zaidi na betri ni kubwa. Itafanya kazi huku, ila unalipia betri usiyoihitaji. Kwenye boya paneli ziwe pande tatu au nne, kwani boya huzunguka na halijui kaskazini ni wapi.

Kosa jingine la kawaida ni rangi. Balbu nyeupe ya LED ikifunikwa karatasi au plastiki nyekundu, sehemu kubwa ya mwanga humezwa, maana mwanga wa LED nyeupe una wekundu mchache. Kinachotoka ni kitu hafifu kisichofika mbali. Tumia LED nyekundu yenyewe, na kioo kisicho na rangi. Plastiki ya rangi pia hupauka juani, na taa nyekundu iliyopauka ikawa nyeupe ni hatari kuliko taa iliyozimika: iliyozimika hainyamazishi wasiwasi wako, iliyopauka inakudanganya.

Boya lina matatizo yake chini ya maji. Mnyororo huwa mara mbili hadi tatu ya kina. Kwenye kina cha mita 10 na mnyororo wa mita 25, boya linaweza kuhama hadi mita 23 kutoka juu ya nanga yake kila upande, hivyo usilitumie kama nukta; ni duara. Ukifupisha mnyororo ili litulie, maji yakipanda linazama au linainua uzito wake na kuondoka nao. Uzito wenyewe hudanganya watu. Zege la tani moja, likiwa majini, lina uzito wa kilo 580 hivi tu, kwa sababu maji yanalibeba. Chuma cha kuyeyusha hupoteza kama asilimia 14 tu. Anayetaka nguvu ya tani moja chini ya maji kwa zege, amwage karibu tani 1.7.

Maji baridi yana neema yake. Kutu ni ndogo kuliko baharini, na hakuna zile kome za chumvi zinazoyalemea maboya ya Busan mpaka yapandishwe na kukwanguliwa. Hatuna tufani kama Maemi, iliyoipiga kusini mwa Korea Septemba 2003 na kuangusha kreni bandarini Busan. Tunayo magugu maji. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo kikakamata boya, kinalivuta siku nzima kwa nguvu ambayo mnyororo haukukadiriwa. Tuna pia nyavu zinazofungwa kwenye boya kwa kuwa ni mahali pazuri pa kufungia, na mitumbwi inayolitumia kama gati. Na kuna wizi wa betri. Kufuli husaidia kidogo; kinachosaidia zaidi ni betri iliyozibwa ndani ya taa yenyewe, isiyoingia kwenye pikipiki wala redio ya mtu.

Sehemu ya mnyororo inayolika kwanza ni pale unapogusa chini, panapoinuka na kulala kila wimbi linapopita. Pima unene wa pingili hapo kila boya linapotolewa, si juu karibu na boya ambako ni rahisi kufika. Pingili iliyopoteza theluthi ya unene wake, badilisha.

Mtumbwi wa mbao, kwa upande mwingine, hauonekani sawasawa kwenye rada ya meli kubwa, hata uwe na watu kumi. Bati lililokunjwa kwa pembe za mraba, au kiakisi kilichonunuliwa, kikiinuliwa mita 2 hadi 3 juu ya mtumbwi, hubadilisha hali hiyo. Ndoo ya aluminiamu iliyotundikwa haifanyi kazi hiyo kwa uhakika, ingawa wengi huiamini. Taa nyeupe moja inayoonekana pande zote ifungwe juu ya vichwa vya abiria, maana taa iliyofungwa chini huzibwa na mtu wa kwanza anayesimama.

Ukikuta taa ya njia imezimika, au imehama, au inawaka kwa mdundo usio wake, ripoti bandari ya karibu siku hiyohiyo, na uandike kabla hujasahau: tarehe na saa (andika 20:00, usiseme saa mbili), mahali ulipokuwa kwa vipimo vya GPS vya simu, uliitazama kuelekea upande gani, rangi uliyoiona, mimweko mingapi kwa sekunde ngapi, na kama kulikuwa na mvua au ukungu. Ukisema tu "taa ya kule kisiwani haiwaki", fundi atapanda boti na mafuta ya bure, kwa sababu hata yeye hajui ni kisiwa kipi.